Mgeni kakosea au kadanganya? Kuchagua maneno ya uongo katika Kihispania

Swali limetoka kwa mwongoza watalii wa Arusha. Anapandisha wageni Kilimanjaro, anawapeleka Serengeti, na Kihispania amekiokota mwenyewe kwa wageni na kwenye kamusi. Anaeleza kwamba mgeni wa makamo kutoka Madrid, wakiwa garini, alimwambia amesoma mahali kuwa mlima Kilimanjaro uko Kenya. Yeye akajibu papo hapo: "Eso es mentira, señor", huo ni uongo, bwana. Mgeni akanyamaza, na kwa siku zilizobaki mazungumzo yakawa ya "sí" na "no" tu. Anauliza: "Kamusi inanipa mentira, falsedad, engaño, embuste, bulo na patraña, na yote imeyatafsiri 'uongo'. Nitumie lipi, wapi, na kwa nani?"

Ndugu yangu, kwanza pole. Kilimanjaro kuhamishiwa Kenya kunamuuma kila Mtanzania, kwa hiyo sikulaumu kwa kujibu kwa moto. Nailaumu kamusi yako. "Mentira" si habari isiyo sahihi tu. Ni habari isiyo sahihi ambayo kuna mtu aliyeitoa huku akijua si kweli. Mgeni akilisikia neno hilo, anaanza kumtafuta mtu huyo ni nani, na ndani ya gari mlikuwa wawili.

Kwa haki, si kila "eso es mentira" ni tusi. Marafiki wa Kihispania hurushiana maneno hayo mezani na hakuna anayenuna, hasa watu wa Uhispania kwenyewe, ambao kusema kwao ni kwa kukata moja kwa moja kuliko watu wa Bogotá au Lima. Lakini wewe hukuwa rafiki mezani. Ulikuwa mwenyeji, mdogo kwake kwa umri, unayemwita "señor". Hapo neno lilelile linageuka shutuma.

Ungesema "no es así", yaani sivyo hivyo, ungekuwa salama. "No es cierto" na "no es verdad" pia zinafaa ukizisema kwa sauti ya chini, na ukiongeza "del todo" katikati, "no es del todo cierto", si kweli yote, umemwachia mwenzako pa kushikilia. Mimi mbele ya mgeni ningechagua "es un error muy común": ni kosa la wengi. Kisha unaendelea: "La montaña está en Tanzania, cerca de la frontera con Kenia." Kwa sentensi hiyo umemtoa peke yake kizimbani, ukamweka pamoja na umati wa watu waliokosea kabla yake. Na kama bado una anwani yake, mwandikie hivi: "Disculpe lo del otro día. No quise decir que usted mintiera. Quise decir que el dato no era correcto." Yaani: samahani kwa yale ya juzi, sikukusudia kusema umedanganya, nilitaka kusema taarifa haikuwa sahihi. Neno "dato" ni zuri kwa kazi yenu. Linabeba kosa lenyewe, na hakuna mtu anayebebeshwa.

Sasa tuingie kwenye mzizi wa tatizo, maana orodha ya maneno peke yake haitakusaidia. Sisi tuna kitenzi kimoja kinachofanya kazi mbili: kudanganya. Nikisema "Juma amenidanganya", huenda Juma alinena tu jambo lisilo kweli na mimi sikumwamini hata kidogo. Huenda pia nilimwamini, nikatoa pesa, nikabaki mikono mitupu. Muktadha ndio unaotuamulia. Mhispania hawezi kuzichanganya kazi hizo, kwa sababu kila moja ina kitenzi chake. "Mentir" ni ya mdomo wa msemaji: maneno yakishatoka, tendo limekamilika, mtu aamini asiamini. "Engañar" ni ya yule anayenasa: kama hakuna aliyeamini, hakuna engañar. Ndiyo maana Mhispania anasema "me mintió, pero no me engañó" bila kujipinga. Kiswahili kinafika palepale kwa njia yake: alinidanganya lakini sikudanganyika. Ukikumbuka tofauti ya kudanganya na kudanganyika, nusu ya somo unalo tayari.

Na kinyume chake kipo. Mtu anaweza kukufanyia engaño bila kusema mentira hata moja. Picha ya hoteli iliyopigwa kwa pembe ya kuficha ukuta wa jirani haina uongo ndani yake, lakini "la foto engaña". Methali yao "las apariencias engañan", sura za nje hudanganya, haiwezi kuandikwa kwa mentir, kwa sababu sura haina mdomo. Katika biashara yenu ya safari jambo hili lina uzito. Tangazo likitaja bei na kukaa kimya kuhusu ada za hifadhi, mgeni hatasema "es mentira", kwa sababu bei iliyoandikwa ni ya kweli. Atasema "es engañoso". Akiwa mkali zaidi atasema "publicidad engañosa", na hayo ni maneno ya sheria za kumlinda mlaji, Uhispania na katika nchi nyingi za Amerika ya Kilatini. Ukiyaona kwenye barua ya malalamiko, ipeleke kwa bosi siku hiyohiyo.

Sarufi ya vitenzi hivi viwili inafuata maana zake. "Mentir" haipokei yambwa tendwa, yaani mtu au kitu kinachoguswa na tendo moja kwa moja. Mtu aliyeambiwa uongo anaingia kama yambwa tendewa, yule anayeelekezewa tendo: "le mentí a mi jefe", nilimwambia bosi wangu uongo. Wanafunzi wengi wa kwetu huandika "lo mentí" kwa sababu ya kiambishi "m" cha "nilimdanganya", na hilo ni kosa. "Engañar" inapokea mtu moja kwa moja: "lo engañé", "la engañé", "engañó a los clientes". (Mhispania wa Madrid utamsikia akisema "le engañé" anapozungumzia mwanamume. Hiyo ni desturi yao na inakubalika, usimsahihishe.) Kauli ya kutendwa nayo inakwenda hukohuko. "Nimedanganywa" haiwezi kuwa "he sido mentido". Sema "me han engañado" ukiwa na watu wa Uhispania, au "me engañaron" ukiwa na watu wa Amerika ya Kilatini.

Mnyambuliko wa mentir una vichochoro vyake: miento, mientes, miente, lakini mentimos; mintió na mintieron kwa nafsi ya tatu iliyopita, lakini mentí na mentiste; na mintiendo. Ukishauzoea, umepata na "desmentir", kukanusha, bila gharama ya ziada. Wizara ikikanusha habari, "el ministerio desmintió la noticia".

Kuna hatari moja kwenye engañar ambayo kamusi ndogo hazitaji. Baina ya mume na mke, kitenzi hiki maana yake ya kwanza ni kutoka nje ya ndoa. Ukimsimulia mgeni "mi esposa me engañó" ukikusudia kwamba mkeo alikuambia nauli ni elfu tano kumbe ni elfu tatu, mgeni atakushika bega kwa huruma. Hapo sema "mi esposa me mintió", au kama ilikuwa masihara, "mi esposa me tomó el pelo", mke wangu alinitania.

Mlimani una uongo wa aina nyingine, na huu ni wa hatari kweli: mgeni anayeficha maumivu ya kichwa au kichefuchefu kwa kuogopa kurudishwa chini. Hapo usiseme "no me mienta". Ni amri ya mzazi kwa mtoto. Wala huyo mgeni mara nyingi hasemi uongo, ananyamaza tu, na kitenzi cha kunyamazia ukweli ni "ocultar". "No me oculte nada, por favor" ni kauli ya mtu anayejali. Laini zaidi ni "séame sincero, ¿le duele la cabeza?", niambie ukweli, kichwa kinakuuma? Ugonjwa wa mwinuko Mhispania anauita "mal de altura", lakini mgeni kutoka Peru au Bolivia ataelewa haraka zaidi ukimwambia "soroche", na Mchile atakuambia "estoy apunado". Watu wa Andes wamekulia kwenye milima, wana maneno yao, na wakisikia unayajua wanakufungukia.

Na ninyi waongozaji mna uongo wenu, msinifiche. Saa kumi alfajiri, mgeni amepinda juu ya fimbo yake, mnamwambia "ya casi llegamos", tumekaribia kufika, huku Gilman's Point, pale mnapoufikia ukingo wa kreta, bado haijaonekana, na ikishafikiwa bado kuna kuuzunguka ukingo wa kreta mpaka Uhuru kwenye mita 5,895. Huo kwa Kihispania ni "mentira piadosa", uongo wa huruma, usemwao ili mtu asivunjike moyo. Baadaye mkiwa mmeshashuka unaweza kumkiri mgeni kwa kucheka: "Fue una mentira piadosa." Hakuna atakayekasirika. Kivumishi hicho kidogo kinabadilisha kila kitu.

Nije kwenye "falso". Hili ni neno la kitu, na ndiyo maana lina ubaridi kuliko mentira. "La noticia es falsa" inasema habari si ya kweli, basi. Aliyeitoa huenda alijua, huenda hakujua, hilo halisemwi. Noti bandia ni "billete falso", jina la uongo ni "nombre falso", na kengele iliyolia bure ni "falsa alarma". Lakini ukilihamishia neno hilo kwa mtu, "es una persona falsa", umemwita mnafiki, na hapo ubaridi unakwisha.

Kwenu Arusha neno hili litakukuta zaidi kwenye tanzanaiti, ambayo Kihispania wanaiita "tanzanita". Mgeni atauliza "¿es falsa?" akimaanisha je, ni kioo. Usikimbilie sí au no. Karibu tanzanaiti yote inayouzwa madukani imepashwa moto ili rangi yake ya kahawia igeuke buluu na zambarau, na hilo linafanywa kwa jiwe halisi lililochimbwa Mirerani. Ukimwambia "la calientan", wanalichoma, atashtuka na kudhani umekiri kuwa ni feki. Mwambie: "Es auténtica, tratada con calor", ni halisi, imetiwa joto. Jiwe la kioo ni "una imitación", na hili ndilo neno la sonara mwaminifu. "Falsa" anaisema mteja aliyekwisha kuibiwa. Muuzaji akikuuzia kioo kwa bei ya tanzanaiti, jiwe ni falsa, maneno yake ni mentira, alichokufanyia ni engaño, na kwa pamoja mambo hayo yanaitwa "estafa", utapeli. Kanuni ya Adhabu ya Uhispania, kifungu cha 248, inaijenga estafa juu ya neno engaño: mtu ametumia hila ya kutosha kumtia mwingine kwenye kosa, kwa tamaa ya faida, mpaka akatoa mali yake. Huko mtaani Madrid watasema "me han timado". Mmeksiko atasema "me vieron la cara", waliniona uso, yaani waliniona mjinga.

Vitoto vya falso vitatu vinachanganywa hata na watafsiri wazoefu. "Falsificar" ni kughushi: hati, saini, noti. "Falsear" ni kupinda kitu kilichokuwepo, kama takwimu au maelezo ya tukio: "falsearon los datos". "Falsedad" ni nomino ya ofisini, ya barua na hukumu. Ukiisema kwenye mazungumzo ya chakula cha jioni utaonekana umemeza gazeti.

Kabla sijaenda mbali, kuna jambo la kila siku. Kiswahili chetu kinaruhusu "samahani, nimekudanganya, si saa kumi na mbili, ni saa moja", na kila mtu anaelewa kwamba ulikosea tu. Kuitafsiri "perdón, le mentí" kunaweza kupita kwa rafiki, lakini mgeni asiyekujua atajiuliza kwa nini ulimdanganya kuhusu saa. Kosa la kawaida ni "me equivoqué", nilikosea, na ukitaka heshima zaidi, "le he informado mal". Ila, na hapa Kihispania kinafurahisha, ukijisahihisha katikati ya sentensi ileile unaweza kusema "miento" na ikawa sahihi kabisa: "Salimos a las seis... miento, a las siete." Ni kama "aa, mwongo mimi". Lazima iwe papo hapo, nafsi ya kwanza, wakati uliopo. Ukiichelewesha mpaka kesho yake, inakuwa ungamo.

Vilevile kuna maneno yatakayotoka kwa mgeni na wewe yakuchome bure. Mgeni amefika kileleni, machozi yanamtoka, anasema "¡parece mentira!" Hakuiti mwongo. Anasema siamini macho yangu, ni kama ndoto. Ukimwambia kwamba simba jike ndiye anayewinda zaidi, au kwamba ule mti wa mbuyu una mamia ya miaka, huenda akaruka: "¡Mentira!" Isikilize sauti yake. Kama imepanda juu na macho yamefunguka, ni "wee!" ya kwetu, mshangao mtupu. Mhispania wa Uhispania ana "¡anda ya!" na "¡venga ya!", Mmeksiko ana "¡no manches!", na Muajentina ana "¡no te puedo creer!" Zote zinakualika uendelee kusimulia.

Upande wa pili ni mzaha unaofutwa. Mmeksiko akishakutania anasema "no te creas", neno kwa neno "usijiamini", na maana yake nakutania. Mkolombia anasema "mentiras, mentiras". Muajentina anasema "te estoy cargando", na Mhispania anasema "es broma". Nimesikia mwongozaji akibishana na Mkolombia aliyekwisha kusema "mentiras", yeye akidhani bado anashutumiwa.

Sasa ile orodha yako ya kamusi. Engaño, mentira na falsedad tumeshayapitia. "Embuste" ndilo neno linalobadilika zaidi kwa kuvuka bahari. Uhispania lina harufu ya zamani kidogo, na "¡embustero!" mara nyingi ni neno la bibi kwa mjukuu aliyekula peremende akakana. Venezuela na Puerto Rico, embuste ni neno la kila siku, zito kama mentira. "Patraña" ni la dharau: ni hadithi ya kubuniwa, tena ya kipuuzi, na anayeitumia anaonyesha kwamba ameishiwa na subira. Linapatikana sana kinywani mwa wanasiasa, pamoja na "una sarta de mentiras", uongo uliotungwa kama shanga kwenye uzi. Mwanasiasa anayetaka kumuumiza mwenzake kwa adabu husema "usted falta a la verdad", umepungukiwa na ukweli. Ijue ili uielewe, usiitumie kwa mgeni. Ina ubaridi wa bunge.

Uongo mdogo wa mchezo ni "mentirijilla", na "de mentirijillas" wanasema watoto wanaocheza bila kushindania kitu. Kitu cha kuchezea, si halisi, ni "de mentira": "una pistola de mentira". Mpiga chuku, ambaye simba wake kila mwaka anaongezeka urefu, hatumwiti mentiroso. Ni "exagerado", na neno hilo linasemwa kwa tabasamu. Yule mwingine ambaye hakuna linalotoka kinywani mwake likawa kweli, "miente más que habla", anasema uongo kuliko anavyosema.

Maneno ya mitaani yajue kwa nchi, na uyatumie kwa uchache. Uhispania wana "trola" na "bola", na mtu "mete una trola" kama sisi tunavyompiga mtu kamba au fiksi. Porojo za kujitetea wanaziita "milongas" au "cuentos chinos". Usipoamini unasema "no cuela", haipiti. Muajentina ana "verso" na "chamuyo", maneno matamu ya kumlainisha mtu, iwe kwa mapenzi au kwa kumuuzia gari bovu. Mperu anayaita hayo "floro". Mmeksiko "echa mentiras", na ana mtego wake: "hablador", ambalo kwingine ni msemaji sana tu, kwake ni mwongo na mwenye majivuno. Kuna "hablar paja" pia katika nchi kadhaa za huko, nakushauri uliache lilipo. Neno paja lina maana nyingine ya aibu, nawe hujui ni nani anakusikiliza.

Hata methali zina mipaka. "La mentira tiene las patas cortas", uongo una miguu mifupi, inaeleweka kote, na ni ndugu wa "njia ya mwongo ni fupi". Lakini ile ya Uhispania, "se coge antes a un mentiroso que a un cojo", mwongo hukamatwa kabla ya kiwete, ina kitenzi coger, ambacho Meksiko na Ajentina ni neno la chumbani. Wameksiko wana ya kwao: "cae más pronto un hablador que un cojo". Kwenye gari lenye Mhispania na Muajentina, baki na miguu mifupi.

"Bulo" ni uzushi unaosambazwa, habari ya uongo yenye nia ndani yake. Magazeti ya Uhispania yanalitumia kila siku, na kuna hata kikundi cha wahakiki wa habari kinachojiita Maldito Bulo. Amerika ya Kilatini wengi husema "noticia falsa". Usilichanganye na "rumor", ambalo ni uvumi: uvumi unaweza kuja kuwa kweli, bulo hauwezi. Na kwa kuwa unasoma magazeti, kuna "posverdad", neno ambalo Chuo cha Lugha cha Kihispania, RAE, kililiingiza kwenye kamusi yake mwaka 2017, kwa ule upotoshaji wa makusudi unaochezea hisia za watu ili kusukuma maoni ya umma. Ni neno la makala, garini halina kazi.

Kwenye maandishi ya kazi yako kuna sehemu mbili za kuwa mwangalifu. Ya kwanza ni mgeni anapoandika mtandaoni jambo ambalo halikutokea. Usijibu "esta reseña es mentira". Wasomaji wengine watakuona mgomvi, hata kama haki ni yako. Andika "lo que se afirma en esta reseña no se ajusta a la realidad", yanayodaiwa hayalingani na hali halisi, kisha ueleze kilichotokea. Ni sentensi baridi, imenyooka, na haimtaji mtu.

Ya pili ni sheria, maana huko maneno yana kuta. "Calumnia", kifungu cha 205 cha Kanuni ya Adhabu ya Uhispania ya mwaka 1995, ni kumsingizia mtu kosa la jinai huku ukijua si kweli, au bila kujali kama ni kweli. "Injuria", kifungu cha 208, ni kumvunjia mtu heshima na jina lake, na si lazima umtaje kwa jinai. Kwa hiyo "alisema mimi ni mwizi" na "alisema mimi ni mchafu" hayaendi chini ya neno moja. Meksiko iliyafuta makosa haya kwenye sheria za jinai za shirikisho mwaka 2007, kwa hiyo Mmeksiko akisema calumnia huenda anazungumza lugha ya kawaida tu, kama sisi tunavyosema kusingiziwa. Shahidi anayesema uongo mahakamani anafanya "falso testimonio". Neno "perjurio" lipo na linaeleweka, ila katika kanuni ya Uhispania kosa haliitwi hivyo. Wakatoliki watalitambua falso testimonio kutoka amri ya nane kama walivyofundishwa utotoni: "No dirás falso testimonio ni mentirás." Angalia jinsi amri yenyewe ilivyoyatenga mambo mawili.

Hili la sheria si la mbali nawe. Mgeni amepoteza kamera kwa uzembe, anataka bima imlipe, anakuomba uthibitishe kwa maandishi kwamba aliibiwa. Kwao, kujifanya umeibiwa na kuripoti polisi kuna jina lake, "simulación de delito", kifungu cha 457. Mkatalie bila kumwita chochote: "Yo solo puedo firmar lo que vi." Mimi naweza kusaini nilichokiona tu. Na fomu za afya mnazowajazisha kabla ya kupanda, ukitaka kuzitafsiri, tumia "declaración jurada", tamko la kiapo, kwa wageni wa Uhispania na Ajentina. Kwa Wameksiko, maneno waliyozoea kwenye fomu zao ni "bajo protesta de decir verdad", na protesta hapo ni ahadi, haina uhusiano na maandamano.

Mwisho, kwa kuwa Desemba ni msimu wenu wa wageni wengi: tarehe 28 ya mwezi huo, sikukuu ya Watoto Mashahidi, watu wa Uhispania na wa Amerika ya Kilatini hufanya yale tunayoyafanya sisi tarehe mosi Aprili. Magazeti yao huchapisha habari ya kubuni, marafiki hufanyiana mizaha, na uongo wa siku hiyo una jina lake, "inocentada". Mgeni akikuambia asubuhi hiyo, uso mkavu kabisa, kwamba ameamua kutopanda tena na anataka fedha zake zote, tazama kalenda kwanza. Wenzake wakipaza sauti "¡inocente, inocente!", basi wewe ndiye uliyenaswa, na unaweza kuwajibu kwa ufasaha: "¡Me han engañado!"